Barakoa, Skrini na Macho Makavu

Jicho hukauka kwa njia mbili. Ama machozi hayatengenezwi ya kutosha, ama yanatengenezwa vizuri lakini yanatoweka upesi, kabla jicho halijayarudisha. Mwenye tatizo hili husema macho yanachoma, yanawasha, au yana mchanga ambao kila akiutafuta haupatikani. Mwingine husema ifikapo alasiri kope zimekuwa nzito, maandishi yanaingia ukungu, kisha yanakuwa safi tena akishapepesa macho. Weupe wa jicho huwa mwekundu, na mwanga wa taa au wa jua humkera. Malalamiko haya yalikuwapo tangu zamani, ila yameongezeka tangu watu walipoanza kukaa saa nyingi mbele ya skrini za kompyuta na simu, na yakasikika zaidi pale barakoa ilipokuwa vazi la kila siku. Skrini hukausha macho kwa njia yake na barakoa kwa njia yake. Zinapokutana kwenye uso wa mtu mmoja, kila moja humwongezea mwenzake nguvu.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye chozi. Machozi si ya kilio tu. Mtu ambaye hajalia mwaka mzima bado ana machozi machoni kila dakika, yakiwa yametandazwa mbele ya jicho kama utando mwembamba kupita kiasi. Ukigawa milimita moja mafungu 1,000, unene wa utando huo ni kama mafungu 3 tu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko huo zaidi ya mara 10. Machozi yote yaliyomo katika jicho moja kwa wakati mmoja ni kama maikrolita 7, kiasi kisichofika hata robo ya tone moja la dawa ya macho. Uhai wa sehemu ya mbele ya jicho unategemea kiasi hicho kidogo.

Utando huo una sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja. Ya ndani kabisa ni ute, unaotolewa na chembe zilizo kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Kazi ya ute ni kuyafanya maji yashike na kutandaa, kwa sababu bila huo yangejikusanya vitone vitone. Sehemu ya kati ni maji yenyewe, yanayotoka kwenye tezi ya machozi iliyojificha chini ya mfupa wa nyusi, upande wa nje wa jicho. Maji haya yana chumvi kidogo, na yana protini zinazopambana na vijidudu. Sehemu ya juu kabisa ni mafuta. Haya hutoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ndani ya kope kama vijiti vilivyosimamishwa bega kwa bega: kope ya juu ina kati ya 25 na 40, ya chini kati ya 20 na 30, na midomo yake hufungukia kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la Heinrich Meibom, daktari wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1666.

Sehemu hii ya mafuta ndiyo inayopuuzwa zaidi, ingawa ndiyo mlinzi wa zile nyingine. Mpishi yeyote ameona kwamba mchuzi wa nyama uliotandwa na mafuta juu hautoi mvuke kwa haraka kama maji matupu yaliyochemka. Mafuta yamefunika, mvuke hauna njia. Machozi nayo yamefunikwa vivyo hivyo. Mafuta yakipungua, au yakiganda ndani ya tezi yasitoke, maji yaliyo chini yake hukauka upesi hata kama tezi ya machozi inafanya kazi yake barabara. Aina hii ya ukavu, ya machozi yanayotoweka kwa kukauka, ndiyo inayoonekana kwa wagonjwa wengi zaidi, na ndiyo inayochochewa na barakoa na skrini.

Utando huo ukichanika, kinachoachwa wazi ni konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Konea haina mishipa ya damu. Hewa safi inayoihitaji huipata kupitia machozi. Tena ni miongoni mwa sehemu za mwili zilizojaa mishipa ya fahamu kuliko nyingine zote, ndiyo maana hata punje ya vumbi humfanya mtu aache kila kitu. Sehemu ndogo ya konea ikikauka kwa sekunde chache tu, mishipa hiyo hupiga kelele, na mtu huhisi mchomo au mchanga. Isitoshe, utando wa machozi ni sehemu ya kwanza kupokea mwanga unaoingia jichoni. Ukiwa umetandaa sawasawa, picha ni safi. Ukiwa na mabonde na matundu, picha huingia ukungu. Hilo ndilo linaloeleza ule uoni unaobadilika-badilika kwa mtu anayesoma kwa muda mrefu.

Kinachoutandaza utando huo ni kope. Kope ya juu inaposhuka huwa kama mwiko wa fundi anayepiga lipu: inachukua machozi, inayasawazisha juu ya jicho, na ikigusana na kope ya chini inazikamua kidogo tezi za mafuta ili tabaka jipya litandikwe juu. Kila mpepeso mmoja ulio kamili hujenga upya utando wote. Mtu aliyetulia, anayeongea au kutazama mbali, hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika, au zaidi ya hapo, na wala hajui kama anapepesa.

Skrini inaingilia hapo hapo. Mwaka 1993 madaktari wa Japani Kazuo Tsubota na Katsu Nakamori walichapisha katika jarida la The New England Journal of Medicine matokeo ya kuwapima wafanyakazi 104 wa ofisini. Walipokuwa wametulia, wafanyakazi hao walipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika. Waliposoma kitabu walipepesa mara 10. Walipotazama skrini ya kompyuta walipepesa mara 7. Hesabu hiyo inastahili kufuatwa hadi mwisho. Anayepepesa mara 22 anaacha jicho wazi kwa muda usiofika sekunde 3 kabla ya kulitandika upya. Anayepepesa mara 7 analiacha wazi kwa sekunde 8 hadi 9. Utando wa machozi wa mtu mwenye macho mazima huanza kuchanika baada ya sekunde 10 hivi au zaidi. Wa mtu ambaye mafuta yake ni haba huweza kuchanika baada ya sekunde 5, pengine chini ya hapo. Mtu wa namna hiyo akiwa mbele ya kompyuta, machozi yake yamekwisha kuchanika muda mrefu kabla kope haijashuka. Hilo hurudiwa kila dakika, saa baada ya saa.

Madaktari hao walipima pia ukubwa wa sehemu ya jicho iliyokuwa wazi kwa hewa. Kwa msomaji wa kitabu ilikuwa sentimita 1.2 za mraba, na kwa mtazamaji wa skrini ilikuwa 2.3, karibu mara mbili. Sababu inaonekana kwa macho. Kitabu huwekwa mapajani au mezani, na anayekisoma huinamisha macho, hivyo kope ya juu ikafunika nusu ya jicho. Skrini ya kompyuta mara nyingi husimamishwa mbele ya uso au juu yake, na anayeitazama hufumbua macho wazi. Sehemu kubwa zaidi iliyo wazi ni sehemu kubwa zaidi ya kukauka.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni mpepeso wa nusu. Mtu aliyezama katika kazi, mchezo au mazungumzo ya simu hushusha kope hadi katikati kisha huirudisha juu. Hesabu ya mipepeso inaweza kuonekana nzuri, lakini sehemu ya chini ya jicho haikuguswa, na tezi za mafuta hazikukamuliwa. Mafuta yasiyokamuliwa hukaa, huganda, na mwisho huziba. Hivyo tabia ya saa chache huweza kuwa kasoro ya miezi.

Wengi hudhani kinachokausha macho ni mwanga wa samawati utokao kwenye skrini, na hununua miwani inayosemekana kuuzuia. Mwanga huo si chanzo cha ukavu. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, uliotolewa mwaka 2023, ulioweka pamoja tafiti za nchi mbalimbali, uligundua kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho wa watumiaji wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Anayetumia fedha yake huko huku akiendelea kukodoa macho kwa saa nne mfululizo hajagusa chanzo cha tatizo.

Barakoa ina njia yake. Neno lenyewe ni la zamani kuliko korona: katika pwani ya Afrika Mashariki na Omani lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake, chenye nafasi ya macho. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, neno hilo likahamia kwenye kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Wahudumu wa hospitali walikuwa wakikivaa tangu zamani, hasa wanaowahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Sasa akakivaa mwalimu, kondakta, keshia na mwanafunzi. Leo watu wengi wamekivua, lakini wapo ambao hawawezi kukiacha: wahudumu wa afya, mafundi wa rangi, wapasuaji wa mbao, wafanyakazi wa mashine za kusaga nafaka, na madereva wa bodaboda wanaojikinga na vumbi.

Mtu asiye na barakoa hutoa pumzi mbele, na pumzi hiyo husambaa mbali na uso. Akivaa barakoa, pumzi hutafuta upenyo. Barakoa nyingi hubana mashavuni na kidevuni lakini huacha mwanya pembeni mwa pua, na pumzi hupanda kupitia hapo, ikapita moja kwa moja juu ya macho. Avaaye miwani anaufahamu mwanya huo vizuri, kwa kuwa vioo vyake huingia ukungu kila anapopumua. Asiyevaa miwani anaweza kuupima kwa kidole: avae barakoa yake ya kawaida, alaze kidole chini ya jicho bila kuligusa, kisha atoe pumzi. Upepo wa uvuguvugu atakaouhisi ndio unaopita machoni mwake siku nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika zamu ya saa 8 hizo ni pumzi zaidi ya 5,000.

Huulizwa inakuwaje pumzi, ambayo ina unyevu, ikaushe jicho. Jibu liko kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kanga iliyolowa hukauka upesi siku ya upepo, hata kama jua limejificha, kwa sababu upepo huuondoa mvuke ulio karibu na nguo kabla haujatulia. Jicho nalo, katika hewa tulivu, huzungukwa na unyevunyevu wake lenyewe. Mkondo wa pumzi unapopita juu yake, unyevunyevu huo hufagiliwa, na machozi mengine hupanda kujaza nafasi. Kinachokausha ni mwendo wa hewa, unaokuja na kurudi kwa kila pumzi.

Barakoa huweza pia kulidhuru jicho kwa kuvuta ngozi. Iliyopandishwa juu mno husukuma kope ya chini. Iliyobandikwa kwa plasta juu ya mashavu, kama wafanyavyo baadhi ya wahudumu wa vyumba vya upasuaji, huweza kuivuta kope hiyo chini ikashindwa kugusana na ya juu. Kope zisizokutana haziwezi kujenga utando wa machozi, hata mtu akipepesa mara ngapi.

Tatizo hili lilianza kuandikwa mapema katika janga. Juni 2020 daktari mmoja wa macho katika jimbo la Ohio, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa waliomfikia wakilalamikia ukavu uliofuatana na kuvaa barakoa. Mwezi Agosti mwaka huo huo, kituo cha utafiti wa macho cha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kikatoa tahadhari kwa umma. Nchini Italia watu 3,605 walijibu maswali kuhusu macho yao, na asilimia 18.3 wakaripoti dalili za ukavu zinazohusiana na barakoa. Hao ni karibu mtu 1 kati ya kila 5. Wagonjwa wengi walioelezwa katika maandishi ya kitabibu ya wakati ule walikuwa wakivaa barakoa kwa saa nyingi mfululizo.

Sasa barakoa na skrini ziwekwe pamoja. Mfano mzuri ni mhudumu wa mapokezi katika kliniki ya kifua kikuu. Anavaa barakoa tangu asubuhi kwa sababu kazi yake inamtaka. Kompyuta iko juu ya kaunta, imeinuka kuliko macho yake, naye huinua uso kuandika jina la kila mgonjwa. Feni imeelekezwa kwake kwa sababu ya joto. Anapoandika, mipepeso yake inashuka hadi 7 au 8 kwa dakika, jicho liko wazi karibu lote, na kila pumzi anayotoa inapanda kupitia mwanya wa pua na kupita juu ya jicho hilo lililo wazi. Barakoa imeleta upepo na skrini imeacha mlango wazi. Wakati wa mapumziko ya mchana anasugua macho kwa mkono uleule uliopokea kadi za wagonjwa. Anapofika nyumbani anajilaza kitandani na simu, na macho yanarudi kazini.

Mtu kama huyo akisema macho yake yanatiririka machozi, wengi hudhani hawezi kuwa na ukavu. Ukweli ni kinyume. Yapo machozi ya kila dakika, yenye ute, maji na mafuta kwa kipimo chake. Yapo pia machozi ya dharura, yale yanayomtoka mtu akikata vitunguu au akipuliza moto wa kuni wenye moshi. Konea iliyokauka hutuma taarifa ya hatari, na tezi ya machozi hujibu kwa kumwaga maji mengi kwa ghafla. Maji hayo hayana mafuta na ute wa kutosha, kwa hiyo hayashiki. Yanafurika, yanashuka mashavuni, na baada ya muda mfupi jicho limekauka tena. Macho yanayotoa machozi ofisini au kwenye upepo, bila huzuni na bila moshi, mara nyingi ni macho makavu.

Ukavu ukidumu, huanza kujizalisha wenyewe. Maji yanapopungua, chumvi iliyomo kwenye machozi huzidi ukali, kama chai iliyochemshwa hadi ikakaribia kukauka. Chumvi hiyo huchoma chembe za uso wa jicho, chembe zilizochomwa huvimba, na uvimbe huo huharibu chembe zinazotoa ute pamoja na tezi za mafuta. Ute na mafuta vikipungua, machozi hukauka upesi zaidi, na mzunguko huanza upya. Ndiyo sababu si busara kuvumilia hali hii kwa miaka kwa kuiita uchovu.

Watu hawaathiriki kwa kiwango kimoja. Umri hupunguza machozi na mafuta, na wanawake hupatwa zaidi, hasa baada ya kukoma hedhi. Kisukari huongeza hatari, na vivyo hivyo baridi yabisi na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili hugeuka kumshambulia mwenyewe. Mojawapo, lililopewa jina la daktari wa Uswidi Henrik Sjögren, hukausha macho na kinywa kwa pamoja. Dawa kadhaa za mzio na mafua, na baadhi ya dawa za sonona, hupunguza machozi. Wavaaji wa lenzi za machoni wako karibu zaidi na ukavu. Mazingira nayo yana sehemu yake: vumbi, moshi wa kuni na mkaa, upepo wa feni, na kiyoyozi. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ya nje ina unyevu mwingi, huweza kukauka macho ndani ya ofisi, kwa kuwa kiyoyozi huondoa unyevu hewani kinapoipoza.

Kinga huanzia kwenye barakoa, kwa kuwa ni rahisi kuirekebisha. Barakoa yenye waya juu ya pua ibanwe kwa vidole viwili kufuata umbo la pua hadi mwanya uzibike. Ile ya kitambaa isiyo na waya ibadilishwe, au ishonewe waya. Kipimo ni kilekile cha kidole chini ya jicho: upepo ukikoma kupanda, barakoa imekaa. Miwani isiyoingia ukungu ni dalili nyingine nzuri. Plasta ikihitajika, ibandikwe bila kuvuta ngozi, na mtu apepese mara mbili tatu kuhakikisha kope zinafunga. Kwa ambaye kazi yake inamruhusu, kutoka nje kila baada ya saa chache, mahali pa wazi pasipo na watu karibu, na kuivua kwa dakika chache hulipa jicho nafasi ya kupona. Barakoa yenyewe isiachwe pale inapohitajika. Inayoziba vizuri juu ya pua hulinda macho dhidi ya ukavu na kulinda mapafu dhidi ya vijidudu kwa pamoja, kwa sababu mwanya unaopitisha pumzi kwenda machoni ndio unaopitisha hewa isiyochujwa.

Kwenye skrini, kitu cha kwanza ni mahali ilipo. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo, ili kope ya juu ishuke na kufunika sehemu ya jicho. Umbali wa sentimita 50 hadi 70 unafaa wengi. Maandishi yakuzwe, ili mtu asilazimike kukodoa. Feni na kiyoyozi vielekezwe mbali na uso. Kitu cha pili ni mapumziko. Kanuni iliyozoeleka inasema kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Dirisha, mti wa mwarobaini uliopo uani, au ukuta wa upande wa pili wa barabara hutosha.

Wakati wa mapumziko hayo kope zifundishwe upya. Mtu afumbe macho polepole, abaki hivyo kwa sekunde mbili, ayafumbue, ayafumbe tena na kuyakaza kidogo, kisha ayafumbue. Arudie mara tano au sita. Zoezi hili halihitaji fedha wala kifaa, na linagusa kasoro yenyewe, yaani mpepeso mchache na mpepeso wa nusu. Baadhi ya watu hubandika karatasi ndogo pembeni mwa kompyuta kujikumbusha, jambo ambalo husaidia hadi tabia ijengeke.

Mafuta yaliyoganda ndani ya kope huyeyushwa kwa joto. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwenye ngozi, hukamuliwa, na huwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kikichovywa tena kila kinapopoa. Baada ya hapo kope husuguliwa taratibu kwa kidole kilichooshwa, ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, ili mafuta yatoke. Kufanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa husaidia watu wengi ambao tezi zao zimeanza kuziba.

Machozi bandia yanayouzwa kwenye maduka ya dawa huongeza unyevu na kutuliza mchomo. Anayeyahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku anashauriwa kutafuta yasiyo na kihifadhi, kwa kuwa kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, huudhi uso wa jicho kikirudiwa mara nyingi. Hapa ndipo penye hatari kubwa inayopaswa kusemwa wazi. Si kila chupa ya matone ni machozi bandia. Baadhi ya matone yanayotolewa kwa kila mwenye jicho jekundu yana dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni. Matone hayo hutuliza haraka sana, na ndiyo maana watu huyapenda na kuyarudia. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari, huweza kupandisha presha ya macho hadi kuua mshipa wa kuonea, na huweza kuleta mtoto wa jicho. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Kutia jichoni mitishamba, maziwa au maji ya chumvi yaliyotengenezwa nyumbani ni hatari vilevile, kwa sababu huingiza vijidudu kwenye konea iliyokwisha kudhoofika.

Si kila jicho linalowasha ni kavu. Macho mekundu ya kuambukiza hutoa tongotongo nyingi na husambaa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine nyumbani au shuleni. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, hukunja kope ndani hadi nywele zikakwaruza konea. Mzio huwasha sana na mara nyingi huja na chafya. Kwa mtoto mdogo, macho makavu yanayofuatana na kushindwa kuona jioni huweza kuwa ishara ya upungufu wa vitamini A. Hilo halisubiri, kwani linaweza kumpofusha na hata kuhatarisha maisha yake. Maumivu makali, uoni uliopungua ghafla, doa jeupe kwenye konea, au jicho lililopigwa au kuingiwa na dawa ya kemikali, vyote hivyo vinataka hospitali siku hiyo hiyo.

Anayefika kliniki ya macho hupimwa kwa njia zisizo na maumivu makubwa. Kuna kipimo cha karatasi kilichobuniwa na Otto Schirmer wa Ujerumani mwaka 1903: ukanda mwembamba wa karatasi hutundikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha hupimwa umelowa kwa urefu gani. Chini ya milimita 10 hutia shaka, na chini ya milimita 5 huonyesha kwamba machozi ni machache mno. Kuna pia rangi ya manjano inayotiwa jichoni na kutazamwa kwa mwanga wa buluu, daktari akihesabu sekunde hadi utando wa machozi uchanike. Chini ya sekunde 10 huhesabiwa kuwa upesi. Mtu ambaye karatasi yake imelowa vizuri lakini utando wake unachanika mapema ndiye yule ambaye machozi anayo na yanampotea, na kwake daktari huchunguza zaidi tezi za mafuta, namna anavyopepesa na mazingira ya kazi yake. Ndiyo maana mgonjwa hufanya vema kueleza mambo ambayo huenda asingefikiri yanahusu macho: anakaa mbele ya skrini saa ngapi, skrini imewekwa wapi, feni inaelekea wapi, anatumia dawa gani za kumeza, na barakoa yake inaziba vipi juu ya pua. Hata barakoa yenyewe aende nayo, aivae mbele ya daktari.